Kusimamia kikosi cha vijana wa kurejesha mikoko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaokabidhiwa vijana ishirini, thelathini, pamoja na kipande cha tope pwani ya Kenya, kisha wanaambiwa: "Haya, pandeni." Majibu ni ya mtu aliyezama kwenye tope hilo mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka. Mifano mingi ni ya Kwale na Mombasa, lakini aliye Kilifi, Lamu, Tanga au Rufiji hatapata shida kuifuata, maana maji ni yale yale.

Nimepewa kikosi kesho kutwa. Nianze na nini?

Anza na jedwali la maji, kisha ndiyo uende kwenye orodha ya majina. Kikosi cha nchi kavu hupangwa na saa ya ukutani, cha mikoko hupangwa na mwezi. Pata jedwali la kupwa na kujaa la Kilindini au la bandari iliyo karibu nawe, uketi na mvuvi mmoja mzee akueleze hori lenu, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, linachelewa kiasi gani. Hori refu lenye kona hupokea maji baadaye kuliko mdomo wa bahari, na tofauti hiyo haimo kwenye jedwali.

Baada ya hapo nenda ukalione eneo peke yako mara mbili: maji yakiwa yamepwa kabisa, na yakiwa yamejaa kabisa. Watu wengi huenda mara ya kwanza tu.

Ratiba ya kazi inapangwaje ikiwa maji hubadilika kila siku?

Maji husogea kwa takriban dakika hamsini kila siku, kwa hiyo ukiwaambia vijana "tukutane saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa" umeshapotea. Pwani yetu ina bahati moja: siku za bamvua, zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Hizo ndizo siku zako za dhahabu. Mnaingia maji yakiwa bado yanatoka, mnapanda nyuma yake yakirudi baharini, na mnaanza kutoka yanapogeuka. Usingoje yafike magotini.

Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kila kitu hupinduka. Kupwa huangukia alfajiri au jioni, na hata hapo maji hayaendi mbali. Msimamizi mgeni huwaita vijana siku hizo, wakakaa kwenye kivuli cha mwembe wakitazama bahari, na ikifika saa sita wote wamekasirika. Siku za maji mafu zina kazi zake: kujaza viriba (vifuko vya udongo vya kuoteshea miche) kwenye kitalu, kunoa mapanga, mafunzo ya huduma ya kwanza, kuhesabu miche ya zamani iliyo juu. Sehemu ya juu ya msitu, penye mkandaa na mchu wa nchi kavu (aina mbili za mikoko), haifikiwi na maji siku hizo, kwa hiyo unaweza kufanya kazi kule kutwa nzima bila kukimbizwa na mtu.

Ubandike ratiba ya mwezi mzima mahali ambapo kila kijana ataiona. Nyingi kati ya kesi za kuchelewa nilizowahi kusikiliza zilitokana na saa iliyobadilishwa jioni kwa ujumbe wa simu.

Kuna tope tupu kubwa mbele ya kijiji. Si tupande hapo tu?

Hili ndilo swali ninalolingoja kila mara, na hapa nitakaa kidogo.

Tope likiwa tupu, jiulize kwa nini liko tupu. Mkoko mmoja mzima hudondosha mbegu nyingi, na bahari huzisambaza bure kila bamvua. Ikiwa kwa miaka hakuna hata mmoja ulioshika, basi kuna kitu kinaukataa. Huenda pako chini mno na miche inazama kwa saa nyingi kuliko inavyoweza kuvumilia. Huenda mawimbi ya kusi, upepo wa msimu kutoka kusini, yanapiga moja kwa moja. Huenda hapakuwa msitu kabisa, ni malisho ya majani ya bahari ambayo samaki na kasa wanayategemea, nawe unataka kuyafunika kwa jina la mazingira. Au palikuwa na msitu lakini njia ya maji imezibwa, na barabara ya vumbi au tuta la shamba la chumvi limekata mfereji uliokuwa ukileta maji ya bahari.

Tazama hori la Mwache, Mombasa. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliteremsha udongo mwingi kutoka bara hadi ukafukia mizizi ya kupumulia, na mikoko ikafa ikiwa imesimama. Mahali kama hapo huwezi kurudisha kwa kuchomeka mbegu mpya kabla ya kuelewa udongo umefanya nini kwenye kimo cha ardhi na njia za maji.

Mimi mwenyewe niliwahi kukubali eneo nililochaguliwa na watu waliotaka picha. Lilikuwa karibu na barabara, wageni wangeliona bila kuvua viatu. Vijana walipanda kwa bidii, mistari imenyooka kama ya kiwanja cha mpira. Kusi ilipoingia, mistari ikaondoka na mawimbi. Kilichoniuma zaidi ni kijana mmoja aliyeniuliza, "Kaka, kwani ulikuwa hujui?" Nilikuwa najua. Sikusema.

Kwa hiyo kabla ya kupanda, wape vijana kazi ya upelelezi. Watafute miche iliyoota yenyewe, waweke vijiti, watazame maji yanafika wapi. Penye miche mingi ya asili, kazi yenu ni kulinda tu. Mfereji ukiwa umezibwa, chukueni sururu na koleo muufungue, kisha mngoje misimu miwili mitatu. Kuna vikosi vilivyorejesha msitu bila kupanda hata mche mmoja, ingawa ripoti yake haina picha nzuri.

Aina gani ipandwe wapi?

Mlilana husimama mbele kabisa, unaoshwa na bahari kila siku. Nyuma yake huja mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, kisha muia, kisha mkandaa, na juu kabisa pembezoni mwa nchi kavu kuna mchu. Mchu ni mtundu, maana utaukuta pia mbele karibu na mlilana, kwa hiyo usishangae. Mkomafi, wenye tunda kubwa kama mpira, hupenda mahali maji matamu yanapoingia.

Vikosi vingi hupanda mkoko tu kwa sababu mbegu yake ndefu huchomekwa ardhini bila kitalu. Ndivyo unavyoona mkoko umepandwa mahali pa mlilana, unakufa, na lawama anapewa kaa. Mlilana una mbegu ndogo sana ndani ya tunda: tunda huoza ndani ya maji, mbegu zikachujwa, zikalelewa kitaluni kwa miezi. Kazi hiyo ni ya subira, na katika kila kikosi utapata mabinti wawili au kijana mmoja mkimya anayeiweza kuliko wote. Mpe kitalu awe mkuu wake.

Vijana wanaleta mbegu mbichi. Nifanyeje?

Waonyeshe shingo. Mbegu ya mkoko iliyokomaa hufanya pete ya manjano pale inapokutana na kofia yake, na ukiigusa huachia yenyewe. Ukiivuta ikakataa, iache mtini. Yenye matundu ya wadudu, iliyovunjika ncha au iliyonyauka hutupwa. Msiwalipe waokotaji kwa gunia, maana gunia halina macho.

Wakati wa kupanda, ncha iliyochongoka ndiyo inayoingia chini, na theluthi moja tu ya urefu izame. Hili liseme kila asubuhi. Nimeona mistari mizima imepandwa kichwa chini na kijana mwenye shahada.

Nimpe kila mmoja idadi ya miche ya kumaliza kwa siku?

Ukipanda kwa nafasi ya mita moja, hekta moja hula miche 10,000. Ukipanua hadi mita mbili, ni 2,500. Hesabu hizi zitumie kupanga mbegu na siku, usiwatishie nazo watu. Ukisema "kila mtu miche mia tatu ndipo aende nyumbani", utaipata hiyo mia tatu, nyingine imefukiwa wawili wawili kwenye shimo moja, nyingine imesukumwa kwa kisigino. Mimi huwagawa watu watanotano na kuwapa kipande kilichopigwa kamba. Kipande kikikamilika sawasawa, watano hao wamemaliza. Wanasahihishana wenyewe, na kwa maneno makali kuliko yangu.

Kila kundi lina mwenye kamba, wapandaji, mbebaji na mwenye daftari. Badilisha nafasi hizo kila wiki. Usimwache binti abebe daftari mwaka mzima kwa sababu mwandiko wake mzuri, wala mwenye misuli abebe magunia tu.

Wavae nini?

Raba kuukuu zilizofungwa kamba vizuri, na soksi ndefu. Kandambili hubaki topeni hatua ya tatu. Buti za mpira huonekana za maana dukani, lakini tope likizinyonya mguu hutoka na buti hubaki. Miguu mitupu haifai kabisa: chaza walioshika kwenye mizizi hukata kama wembe. Shati la mikono mirefu, kofia, glavu kwa wanaofungua mifereji. Mabinti wengi hupendelea suruali ndani na dera fupi au fulana ndefu juu. Leso kiunoni huzuia hatua topeni, lakini kila kikosi kiwe nazo mbili tatu begini, maana leso ni kivuli, ni bandeji, ni machela.

Hatari gani nizifikirie kwanza?

Maji yanayorudi. Mapanga na chaza vinajeruhi, jua linachosha, lakini maji hukuzunguka kwa nyuma kupitia mfereji uliouvuka asubuhi ukiwa mkavu. Teua mtu mmoja asiyepanda kitu. Kazi yake ni kutazama maji na kuhesabu vichwa mnapoingia na mnapotoka. Akipiga filimbi, hakuna mjadala wala "namalizia huu mstari". Kama mnakwenda kwa mashua, kila mmoja avae jaketi okozi, hata anayejiita mtoto wa bahari. Yeye hasa.

Aliyekwama topeni asivutwe mkono. Aketi au alale nyuma, asambaze uzito, atikise mguu polepole hadi hewa iingie, kisha autoe. Fanyeni zoezi hili siku ya kwanza kama mchezo. Watacheka, na watalikumbuka.

Aliyechomwa na samaki aitwaye taa au mwingine mwenye mwiba wa sumu, tia mguu wake kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, huku mkimtafutia usafiri. Ndiyo maana chupa ya chai ya moto na beseni viko kwenye orodha yangu ya vifaa. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asinyonywe, asifungwe kamba. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali yenye dawa. Uijue hospitali hiyo kabla ya siku hiyo. Kila mwenye jeraha la chaza aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda. Mkisikia radi, tokeni.

Wanaotumia mapanga wasimame mbali kiasi kwamba wawili wakinyoosha mikono na mapanga yao hawagusani.

Mwezi wa Ramadhani tufanye nini?

Ukiangalia tarehe mapema, tatizo ni dogo kuliko linavyosemwa. Kazi ya topeni ipangwe siku za bamvua peke yake, ianze mapema, iwe fupi. Kazi nzito ya sururu ingoje. Usimuulize mtu hadharani kama amefunga au la. Maji ya kunywa yawekwe mahali palipositirika kidogo, anayekunywa asijione na anayefunga asitamanishwe. Na Ijumaa, usiweke kazi ya kupwa kwa saa tano katikati ya hori lililo mwendo wa saa moja kutoka msikitini, halafu ukalaumu watu kwa haraka.

Miezi mingine, lita tatu za maji kwa kila mtu kwa siku si nyingi, hasa wakati wa joto la kaskazi, na chumvi kidogo kwenye chakula husaidia. Anayeacha kutoka jasho na kuanza kuongea ovyo mtie kivulini, mmwagie maji, mpepee, na muite msaada mara moja.

Nina mabinti wanane na wavulana kumi na sita. Kuna la pekee?

Choo. Wasimamizi wanaume hawaliulizi, na mabinti wanaacha kunywa maji kutwa nzima ili wasihitaji kwenda. Wekeni kibanda cha makuti au mfanye mpango na nyumba iliyo karibu, na pedi ziwe kwenye sanduku la huduma ya kwanza bila mtu kuomba. Usimpange binti peke yake na kundi la wanaume ndani ya msitu. Kuwe na mwanamke mmoja, awe mama wa kijiji au kiongozi mwenza, ambaye msichana anaweza kumwambia jambo linalokuhusu hata wewe.

Vijana wengine ni rika langu, mmoja ni binamu yangu. Nitawaamrishaje?

Usiwe nyapara. Neno hilo pwani lina historia, na kijana akikuita hivyo nyuma ya mgongo wako ujue tayari umeshapoteza kikosi. Nyapara husimama kivulini na fimbo. Wewe ingia topeni. Saa ya kwanza uwe na mzigo begani. Baada ya hapo simama uangalie, maana asiyesimama haoni.

Kumkosoa mtu, mwite pembeni. Kumsifu, sema mbele ya wote, tena utaje alichofanya: "Mstari wako wa jana haukung'olewa hata mche mmoja." Binamu yako mtendee kama wengine, na ikibidi kumkatia malipo ya siku, mkatie. Nyumbani mtayamaliza na shangazi.

Anayekuja ametafuna muguka, majani ya kuchangamsha, usiku kucha?

Hashiki panga wala hapandi mashua siku hiyo. Usimfukuze mbele ya wenzake. Mpe kazi ya kitaluni au mrudishe nyumbani bila malipo ya siku. Ikirudia mara tatu, kaa naye na mtu anayemheshimu. Hotuba za asubuhi kuhusu dawa za kulevya sijaona zikimgeuza mtu. Malipo yanayokuja kwa wakati niliyaona yakifanya hivyo mara mbili.

Nani anaweza kuajiriwa, na malipo yaendeje?

Katiba ya 2010 inamtambua kijana kuwa wa miaka 18 hadi chini ya 35. Topeni usiingize aliye chini ya 18, hata mama yake akikusihi. Mahudhurio yasainiwe na mtu mwenyewe kila siku, kiwango kielezwe mbele ya wote, na pesa ziende moja kwa moja kwenye simu ya kila mmoja. Zisipitie mkononi mwako. Hata ukiwa mwaminifu kama nini, siku pesa zikichelewa utasemwa.

Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi anahesabiwa kama mfanyakazi wa mwezi, na haki zake hubadilika. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini ya mwaka huo huo inamhusu pia. Muulize aliyekuajiri kuhusu bima kabla ya kumuuliza kuhusu fulana zenye nembo.

Tunahitaji ruhusa ya nani?

Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali, ilitangazwa hivyo tangu 1932. Ongea na ofisi ya Huduma ya Misitu, chama cha jamii cha misitu cha eneo lenu, na kikundi cha usimamizi wa fuo. Kisha nenda kwa wavuvi na akina mama wanaochokoa chaza, kwa sababu utawaziba njia bila kujua. Na tafadhali, msikate fito msituni kujengea kitalu cha kurejesha msitu. Nimeliona hilo. Pwani hii ilisafirisha boriti hadi Uarabuni kwa majahazi hadi marufuku ya 1982, na wazee wanajua vizuri tofauti ya fito, pau na boriti, yaani miti ya mikoko kwa unene wake, watakuona tu.

Tumepanda. Kazi imekwisha?

Ndiyo kwanza imeanza. Rudini baada ya mwezi mmoja, mitatu, sita, kisha mwaka. Pimeni viwanja vya mita kumi kwa kumi, mhesabu miche iliyo hai, na mwandike iliyokufa imekufaje: imeng'olewa, imeliwa na kaa, imefukiwa, imeliwa na mbuzi. Kijana anayeijua sababu hujazia pengo kwa akili. Asiyeijua hujazia kwa mbegu zile zile mahali pale pale.

Ondoeni mwani na nailoni zilizonasa kwenye miche. Mbuzi na ng'ombe ni mazungumzo na wenyewe, hakuna kufukuza kwa mawe.

Mradi una miezi minne tu. Vijana wataondoka na nini?

Gazi, Kwale, ni mahali pa kuwapeleka japo siku moja. Msitu wa kule ulikatwa sana miaka ya 1970 kwa kuni za viwandani. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya walianza kupanda majaribio mwaka 1991, na leo kijiji kinauza hewa ya kaboni, yaani kinalipwa kwa kaboni ambayo msitu unaihifadhi, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja wa hekta 117, na pesa zake zimeleta maji na vitabu vya shule. Vijana wakitembea kwenye daraja la mbao lililomo humo, wakaona miti iliyopandwa kabla hawajazaliwa, maswali yao hubadilika njia nzima ya kurudi.

Wewe kama msimamizi, mpe kila mmoja barua iliyoandika alichojifunza kwa majina yake: kuendesha kitalu cha mlilana, kupima viwanja, huduma ya kwanza, kuongoza watu watano. Usiandike tu "alishiriki". Na mwachie kikosi jedwali la maji la mwaka ujao pamoja na daftari la hesabu. Wawili watatu watarudi kuhesabu bila kulipwa. Ukipita bamvua inayofuata utawaona kwa mbali, raba zimefungwa kamba, mmoja ameinama na mwingine anaandika.